Migogoro ya Kazi za Oda Uganda: Mwongozo Kamili kwa Msanii wa Kujitegemea na Mteja Wake

Mgogoro wa kazi ya oda hulipuka siku ya kukabidhi, lakini chanzo chake huwa nyuma sana, kwenye hatua ambayo hakuna aliyeipokea rasmi. Mteja alionyeshwa mchoro wa awali, akajibu "sawa sawa" kwa simu akiwa ndani ya teksi, na msanii akaendelea kupaka rangi. Wiki tatu baadaye mteja anasema sura si ya mama yake, msanii anasema "lakini ulikubali," na hakuna kati yao mwenye kitu cha kuonyesha. Mwongozo huu wote unasimama juu ya kanuni moja: hatua inayofuata isianze mpaka iliyotangulia ipokelewe kwa maandishi. Kanuni hiyo humlinda msanii asinyimwe malipo, na humlinda mteja asiuziwe kitu ambacho hakukiagiza.

Tunazungumzia picha za watu za harusi na kwanjula (sherehe ya kutambulisha wachumba nyumbani kwa bibi harusi), michoro ya ukutani ya shule na makanisa, nembo za biashara, mabango, na michoro ya kidijitali. Vifaa hutofautiana, ugomvi hufanana.

Kabla ya brashi kugusa chochote

Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni shilingi 500,000. Kazi nyingi za ukutani na picha kubwa za kanvasi zinavuka hapo. Habari njema ni kwamba maandishi hayo si lazima yawe karatasi yenye muhuri wa wakili. Sheria inakubali ujumbe wa kielektroniki, mradi uwe wa maneno na uweze kusomwa tena baadaye. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha, kama una mambo yote na mteja ameujibu.

Mfano wa ujumbe unaotosha:

"Habari za asubuhi, Madamu. Naandika tuliyokubaliana leo ili sote tuwe na kumbukumbu moja. Kazi: picha moja ya akriliki kwenye kanvasi, sentimita 60 kwa 80, ya wazazi wako wawili kuanzia kifuani, kutokana na picha mbili ulizonitumia leo. Nyuma yao rangi moja ya kahawia, bila nyumba wala miti. Bei: shilingi 900,000 bila fremu na bila usafiri. Malipo: 450,000 kabla sijaanza, 270,000 ukishaupokea mchoro wa awali, 180,000 kabla ya kuchukua picha. Marekebisho: mara mbili kwenye mchoro wa awali, mara moja kwenye rangi, zaidi ya hapo 60,000 kila mara. Muda: siku 21 kuanzia siku nitakayopata malipo ya kwanza na picha zote mbili. Ukikaa siku 5 bila kunijibu, siku hizo zinaongezwa kwenye muda wangu. Hakimiliki inabaki kwangu. Wewe unamiliki picha yenyewe na unaweza kuitundika na kuionyesha popote. Ukikubali, nijibu NIMEKUBALI pamoja na jina lako kamili."

Ujumbe unaonekana mrefu. Ni mfupi kuliko mabishano ya miezi miwili. Kama mazungumzo yalifanyika kwa sauti au mlikutana ana kwa ana, uandike jioni ileile, kabla kila mmoja hajaanza kukumbuka kwa namna yake.

Tazama maneno "bila fremu na bila usafiri". Fremu ya ukubwa huo inaweza kula sehemu nzuri ya faida, na wateja wengi hudhani picha ya harusi huja na fremu yake. Tazama pia saa ya muda inapoanza: siku ya malipo ya kwanza na picha zote. Ukiandika tu "siku 21", mteja anayeleta picha ya pili siku ya 15 bado atadai kazi siku ya 21.

Kwa kazi ya ukutani gawanya bei sehemu mbili, vifaa na ufundi. Tuseme ukuta wa shule ya chekechea Jinja una urefu wa mita 12 na kimo cha mita 2.5, yaani mita za mraba 30. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, basi mikono miwili ya rangi nyeupe ya chini inataka lita 6, mbali na rangi za michoro. Vifaa vyote vilipwe asilimia 100 kabla ya kununuliwa, na ufundi ulipwe kwa awamu: theluthi siku ya kuanza, theluthi mistari ikishachorwa ukutani na kupokelewa, theluthi siku ya kumaliza. Msanii anayenunua rangi kwa pesa yake mwenyewe anamkopesha mteja bila kujua, na kazi ikikatishwa ndiye anayebaki na makopo.

Hakimiliki haitakiwi kuachwa kimya. Hapa wasanii wengi wa Uganda wanaamini kinyume cha sheria. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006 inasema kazi iliyofanywa kwa kuagizwa, kama hakuna mkataba unaosema vingine, hakimiliki yake ni ya aliyeagiza. Maana yake, ukichora nembo bila kuandika lolote, mteja anaweza kudai ni yake tangu mwanzo hata kama bado anadaiwa, na wewe ukabaki kudai pesa tu, bila uwezo wa kumzuia kuitumia. Dawa ni sentensi moja. Kwa picha ya ukumbusho andika kama ilivyo kwenye mfano hapo juu. Kwa nembo, ambayo mteja ana sababu nzuri ya kutaka kuimiliki kabisa, andika: "Hakimiliki inabaki kwa msanii mpaka malipo ya mwisho yapokelewe, siku hiyo inahamia kwa mteja." Kisha siku hiyo mpe uhamisho huo kwa maandishi yenye sahihi yako. Haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyechora ni jambo jingine. Sheria inaitambua kama haki ya mtunzi mwenyewe. Kusajili kazi URSB, ofisi ya serikali ya usajili, si sharti la kulindwa, ila cheti husaidia kuthibitisha tarehe.

Mambo mawili ya pesa huzaa ugomvi usio na msingi, yote mawili kwa sababu hayakutajwa. La kwanza ni kodi ya zuio. Kampuni, shirika au taasisi iliyoteuliwa kuwa wakala wa zuio hukata asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni moja na kuipeleka URA, mamlaka ya mapato. Kwenye kazi ya 2,400,000 itakata 144,000, nawe utapokea 2,256,000. Hujaibiwa. Wape namba yako ya mlipakodi (TIN) mapema na udai cheti cha zuio, maana kiasi hicho huhesabiwa kwenye kodi yako ya mapato. La pili ni ada za pesa za simu. Kutoa pesa hukatwa kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya wakala, kwa hiyo 450,000 inapoteza 2,250 kwa kodi pekee. Andika "pamoja na ada ya kutoa" au "bila ada ya kutoa", basi.

Na msimu wa kampeni: mabango na picha za wagombea zilipwe zote kabla ya kukabidhiwa. Mheshimiwa aliyeshindwa hana haraka ya kulipa bango, na aliyeshinda ana wageni wengi mlangoni.

Kazi ikiendelea

Kila unapomaliza hatua, tuma picha na swali linalojibika kwa neno moja: "Madamu, huu ndio mchoro wa awali. Tazama sura, macho, mavazi na mpangilio wa waliokaa. Ukiridhika nijibu NAPOKEA MCHORO, nianze rangi. Baada ya hapo, kubadilisha mkao au mavazi ni kazi mpya." Emoji ya dole gumba isikutoshe, omba maneno, kwa upole. Kama mteja ni mzee asiyezoea kuandika, mwombe mwanawe aandike kwa niaba yake, na aliyeandika ataje jina lake na la mzee.

Jua pia nani hasa ni mteja. Picha ya zawadi ya kwanjula inaweza kuagizwa na kamati ya watu saba. Andika tangu mwanzo jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kupokea hatua. Shangazi akija na maoni yake, msikilize kwa heshima, kisha umwambie yapitie kwa huyo mmoja.

Kwa ukuta, piga picha kabla ya kuanza, karibu na kwa mbali, zikionyesha nyufa na madoa ya maji. Plasta mpya ikauke siku 28 hivi kabla ya rangi. Kupima unyevu, bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani kwa utepe pande zote nne, uiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, ukuta haujawa tayari. Mtumie mteja picha ya matone hayo na uandike kwamba ukipaka sasa rangi itatoa malengelenge na kubanduka. Mwalimu mkuu akisisitiza kwa kuwa siku ya wazazi imekaribia, aandike kuwa ameelezwa na ameamua hivyo. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usiikwepe hatua hii.

Ugomvi ukishaanza: hatua nne za mwanzo

Kwanza, usijibu ukiwa na hasira. Andika tu: "Nimepata ujumbe wako, bosi. Napitia kumbukumbu zetu, nitakujibu kesho kabla ya saa sita mchana." Kisha ujibu kweli kabla ya saa sita. Simamisha kazi hapo ulipofika, piga picha ya hali yake.

Pili, kusanya ushahidi. Kwenye WhatsApp fungua mazungumzo hayo, nenda kwenye menyu, chagua kuhamisha mazungumzo, ujitumie faili kwa barua pepe. Zima ujumbe unaojifuta wenyewe. Picha za skrini ni nzuri kwa kuonyeshana, ila hukatika vipande na ni rahisi kuzitilia shaka; faili zima pamoja na simu yenyewe vina nguvu zaidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini uzito wake hutegemea ulivyotunzwa. Usiiuze wala kuifuta simu hiyo mpaka shauri liishe. Ongeza ujumbe wa malipo wenye namba za miamala, risiti za vifaa, na faili za kazi zenye tarehe.

Tatu, andika mfululizo wa matukio kwenye ukurasa mmoja: tarehe, kilichotokea, ushahidi wake. Ukiuandika kwa uaminifu utaona mahali ulipokosea wewe na mahali alipokosea mwenzako. Mteja afanye vivyo hivyo. Mara nyingi ugomvi hufia kwenye ukurasa huu.

Nne, tambua ni ugomvi wa aina gani, maana dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

"Haifanani"

Uliza mteja ataje sehemu: macho, pua, kidevu, rangi ya ngozi, umri. "Haifanani" peke yake haijibiki. Weka picha ya asili na kazi yako kwa ukubwa uleule, kando kwa kando, upime umbali kati ya macho, na kutoka pua hadi kidevu. Kama vipimo vimepotoka, kosa ni lako, rekebisha bila malipo hata kama mchoro wa awali ulipokelewa. Ustadi wa kufananisha ndicho kitu alichokununulia. Kama vimekaa sawa na mteja anamkumbuka mama alivyokuwa miaka kumi kabla ya picha hiyo, basi picha aliyoleta ndiyo haikumwonyesha anayemtaka. Omba picha nyingine na mkubaliane bei ya marekebisho. Kwa picha ya marehemu nenda taratibu zaidi. Huyo mtu mbele yako hagombani juu ya pua tu.

Picha halisi za familia, hasa za karatasi, zirudishwe mara moja ukishazipiga nakala. Kuzishikilia kama dhamana ya deni ni ukatili, na ni mali ya mtu.

Rangi zimefifia au picha ina ukungu baada ya kuchapishwa

Hii hutokea mteja anapopeleka faili kwa wachapaji, Nasser Road jijini Kampala au kwingineko. Kioo cha simu hutoa mwanga, mashine huchanganya wino. Kijani kikali na buluu inayong'aa haviwezi kutoka sawa kwenye karatasi. Andaa faili la kuchapa kwa CMYK, mfumo wa rangi nne za wino, na kabla ya kuchapa nakala 500 toeni moja ya A4 ya majaribio, mteja aipokee. Ukungu una sababu nyingine: picha iliyotumwa kama picha kwenye WhatsApp hupunguzwa ukubwa. Itume kama dokumenti au kwa barua pepe. Karatasi ya A3 kwa ubora wa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inataka pikseli 3508 kwa 4961. Angalia faili lililopelekwa lilikuwa na ngapi na utajua kosa ni la nani. Kwa nembo, toa pia faili la vekta, ambalo hukuzwa mpaka ukubwa wa bango bila kuharibika.

Mabadiliko yasiyoisha

Usikatae, hesabu. Mjibu: "Bosi, hii ni mara ya nne. Tulikubaliana mbili. Ya tatu nimekufanyia bure. Hii ni 60,000 na siku mbili. Nianze?" Wengi hugundua hapo kwamba badiliko halikuwa la lazima. Kuna makosa mawili upande wa msanii: kufanya mabadiliko sita kimya kimya kisha kuyadai yote kwenye ankara ya mwisho, na kuhesabu kosa lako mwenyewe kama badiliko la mteja. Jina la shule likiandikwa vibaya ilhali mteja alilituma sahihi, hilo unasahihisha bila hata kutaja pesa.

Msanii amechelewa

Kama umechelewa, sema kabla hujaulizwa, utaje siku mpya moja ambayo una hakika nayo, na utoe kitu: punguzo la asilimia 10, au usafiri bure. Kama picha ilikuwa ya sherehe na sherehe imepita, mteja ana haki ya kukataa kazi na kurudishiwa pesa zake zote, kwa sababu siku ile ndiyo iliyokuwa na thamani. Usimwambie "itafaa mwaka ujao". Mteja naye, kama unaagiza kwa ajili ya sherehe, andika tarehe hiyo kwenye makubaliano na uweke siku ya kukabidhi angalau siku 7 kabla.

Mteja amenyamaza

Tuma ukumbusho siku ya 5, siku ya 10 na siku ya 20, kila mmoja wenye tarehe na salio. Ule wa tatu useme kwamba baada ya siku 30 oda itafungwa, kianzio (malipo ya kwanza) kitahesabiwa kulingana na kazi iliyofanyika, na kazi inaweza kuuzwa kama haina sura ya mtu. Picha ya sura ya mtu usiiuze wala kuitangaza bila ruhusa yake. Iweke mahali pakavu, usiegemeze kanvasi uso wake ukigusa ukuta. Kabla ya kumhukumu mtu, piga simu mara moja. Huenda yuko msibani.

Anataka pesa zote zirudi

Hapa hesabu ndiyo inayopoza. Gawa bei kwa hatua tangu mwanzo: mchoro wa awali asilimia 20, rangi za chini asilimia 30, umaliziaji asilimia 50. Tuchukue ile picha ya 900,000. Mteja alilipa kianzio 450,000, akapokea mchoro wa awali, msanii akaendelea bila kungoja awamu ya pili, kisha mteja akabadili mawazo rangi za chini zikiwa nusu. Msanii amestahili 180,000 ya mchoro na 135,000 ya nusu ya rangi, jumla 315,000. Anarudisha 135,000. Kama anayekatisha ni msanii, hesabu igeuke: arudishe zote 450,000, isipokuwa mteja atake kuuchukua mchoro wa awali, na hapo aulipie 180,000. Neno "kianzio hakirudi" lililoandikwa peke yake, bila hesabu, huonekana kama mtego mbele ya msuluhishi yeyote.

Kazi inatumika, malipo hayajaja

Piga picha ya matumizi hayo (bango barabarani, fulana sokoni, ukurasa wa Facebook) ikionyesha tarehe na mahali. Dai deni kwanza, hakimiliki baadaye, kwa kuwa deni ni rahisi kuthibitisha. Kama uliandika kuwa hakimiliki haihami mpaka malipo ya mwisho, litaje sharti hilo kwenye barua ya madai. Njia bora ni kutofika hapa: tuma nakala ndogo yenye jina lako katikati mpaka salio liingie, na thibitisha salio kwenye akaunti yako mwenyewe. Ujumbe wa malipo uliopelekwa na mteja si malipo, kuna watu wanaotunga ujumbe wa MTN au Airtel mpaka herufi za mwisho.

Kupanda ngazi

Kabla ya barua yoyote, tafuteni mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili: msanii mkongwe, kiongozi wa msikiti au kanisa, mfanyabiashara jirani. Mpe ule ukurasa wa matukio na mkae saa moja. Asiwe ndugu wa upande mmoja.

Ikishindikana, andika barua ya madai. Iwe na: majina kamili ya pande zote, tarehe ya makubaliano, kazi iliyofanyika na tarehe za kupokelewa, kiasi kilicholipwa, kiasi kinachodaiwa, njia ya kulipa, siku 14 za kulipa, na hatua utakayochukua zikipita. Bila matusi wala neno la kutisha. Peleka nakala mbili. Anayepokea asaini moja ubaki nayo. Akikataa kusaini, nenda na shahidi aandike tarehe na saa.

Siku 14 hizo zina sababu. Uganda ina Utaratibu wa Madai Madogo, chini ya kanuni za 2011, kwenye mahakama za mahakimu, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na kabla ya kufungua lazima umpe mdaiwa notisi ya siku 14. Mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha upande wowote. Unasimama mwenyewe na karatasi zako. Hii ndiyo ngazi inayofaa madai karibu yote ya wasanii. Nenda mahakama ya eneo anakoishi mdaiwa au kazi ilikofanyika, omba fomu za madai madogo kwa karani, ubebe nakala ya notisi na uthibitisho kwamba ilifika. Ukifika mbele ya hakimu, sema mambo manne: tulikubaliana nini, nilifanya nini, alipokea nini, anadaiwa kiasi gani. Orodha ya machungu haimsaidii hakimu. Usichelewe miaka pia: madai ya mkataba hupotea baada ya miaka 6.

Kwa deni dogo na watu wa kijiji kimoja, mahakama ya baraza la kijiji (LC1) iko karibu zaidi na mwenyekiti anawafahamu wote. Hasara yake ni hiyohiyo, anawafahamu wote. Usiporidhika unaweza kukata rufaa ngazi za juu yake, LC2, kisha LC3.

Madai makubwa kuliko milioni 10 yanataka wakili au usuluhishi rasmi. Polisi ni kwa ajili ya udanganyifu, kama ujumbe wa malipo wa kughushi au msanii aliyechukua vianzio vya watu wengi bila nia ya kuchora. Mteja aliyechelewa kulipa ana deni, hajatenda jinai, na kumtisha kwa selo kunaweza kukugeuka.

Vilevile kumwanika mtandaoni. Kuweka namba yake ya simu au kitambulisho chake hadharani kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na maneno makali yanaweza kukupeleka kwenye kesi ya kashfa au ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Kupaka rangi nyeusi juu ya mchoro wa ukutani usiolipwa ni baya zaidi: unaharibu mali ya mwenzako na kufuta ushahidi wako mwenyewe kwa mkono mmoja.

Mteja wa nje

Mteja akiwa Nairobi, Juba au Ulaya, mahakama ya madai madogo haitamfikia kwa urahisi. Malipo yote yaingie kabla ya faili la mwisho kutoka, na mtaje sarafu na nani anabeba gharama ya kubadilisha. Kwenye masoko ya kazi ya mtandaoni kama Upwork au Fiverr usihamishie mazungumzo WhatsApp, kwa sababu waamuzi wa huko hutazama yaliyoandikwa ndani ya mfumo wao. Mteja akilipa kwa PayPal, kumbuka anaweza kufungua malalamiko ndani ya siku 180, basi tunza ushahidi wa kukabidhi kwa muda huo wote.

Mkishapatana

Andikeni mapatano siku ileile: kiasi, tarehe ya kila malipo, nani anabaki na kazi, nani anabaki na hakimiliki, na sentensi kwamba pesa ya mwisho ikiingia hakuna anayemdai mwenzake kitu tena juu ya oda hii. Malipo ya awamu yasizidi matatu, na la kwanza litolewe palepale mezani. Wote wawili wasaini mbele ya yule msuluhishi, naye asaini kama shahidi. Shauri likiwa tayari limefunguliwa mahakamani, pelekeni mapatano kwa karani ili hakimu ayaweke kwenye kumbukumbu. Yakivunjwa, hamtaanza upya.